Jina Moja kwenye Fomu ya Nankondo

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Hadithi ninayo, nami nitaifikisha mpaka pale ilipokwama. Kuikwamua ni kazi yenu.

Walikuwapo wanafunzi watatu wa Afrika Mashariki waliokuwa wakisoma katika chuo kimoja cha mji wa Brno, huko Jamhuri ya Cheki. Kila mmoja alikuwa na masomo yake, lakini siku za Jumamosi walikuwa na kazi moja ya kujitolea katika klabu ya wanafunzi. Walibeba meza ya kukunja, bango na sanduku la vipeperushi, wakaenda kuwaeleza wanafunzi wenzao nafasi za kusoma muhula mmoja au mwaka mzima katika vyuo vingine vya Ulaya. Mwezi huu walikuwa Brno, mwezi ujao Krakov, mwezi mwingine Ljubljana. Wakirudi, walijibu kwa simu maswali ya wanafunzi wa nyumbani: fomu gani ijazwe, barua iandikweje, baridi ya huko inavumilika au haivumiliki. Hawakulipwa. Walipewa jaketi jekundu lenye nembo ya klabu, basi.

Mdogo wao alikuwa Raihana Faki wa Wete, Pemba, binti wa miaka ishirini na mmoja. Kipaji chake kilikuwa sikio. Alilelewa na bibi asiyeona, na kwa kukaa naye barazani alijifunza kumjua mtu kwa hatua zake, na kuijua hali yake kwa pumzi anayovuta kabla ya kusema.

Wa pili alikuwa Lutengano Mwakalinga wa Tukuyu, aliyekuwa akisomea upimaji na ramani. Kipaji chake kilikuwa jicho lisilochoka. Alipokuwa sekondari, sikrubu ya miwani ya mwalimu wa hesabu ilidondoka kwenye uwanja wa mpira. Wenzake walitafuta kidogo wakaenda kula. Lutengano alibaki saa nne, akaipata.

Wa tatu, na mkubwa wao, alikuwa Wakio Mghanga wa Wundanyi. Kabla ya chuo alifanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani, akajifunza Kijerumani kwa wageni. Kipaji chake kilikuwa kutobabaika. Mambo yakiharibika, wengine huongeza sauti. Wakio hupunguza.

Sasa kuna wa nne, na hadithi ni yake. Nankondo Mbwambo, binti wa miaka ishirini na minne kutoka Same, alikuwa amemaliza stashahada ya mapishi na hoteli, akawa anatafuta nafasi ya kwenda kujiendeleza. Alimpata Raihana kwa simu, na kwa miezi mitatu Raihana akamwongoza. Walizoeana. Kila walipozungumza, Raihana alianza, "Shikamoo dada," na Nankondo akaitika, "Marahaba mdogo wangu, umekula?" Mara moja, katika mazungumzo hayo, Nankondo alimwambia kwamba baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tano.

Jumamosi moja Raihana alikuwa mezani peke yake. Alipita mwanamume nadhifu, mwenye tabasamu, akaacha vipeperushi vya wakala mmoja: muhula wa masomo ya hoteli pamoja na mafunzo kwa vitendo, milimani, chumba na chakula juu ya mwenyeji. Kanuni ya klabu ilikuwa wazi. Kipeperushi kigeni kisiwekwe mezani mpaka ofisi ya chuo ikihakiki. Lakini ofisi ilikuwa imefungwa, na kipeperushi kilikuwa kizuri, na Nankondo alikuwa amekataliwa na vyuo viwili wiki hiyohiyo. Raihana akakiweka mezani, akakipiga picha, akamtumia Nankondo.

Nankondo aliomba, akakubaliwa. Kanisani Same wakamwombea mbele ya watu wote. Mama yake akapika, majirani wakaja. Akaondoka.

Shule hakuikuta. Alichokuta ni nyumba ya wageni ya ghorofa tatu, katika kijiji cha milimani ambacho jina lake nitalificha, maana wapo pia watu wema wanaoishi pale. Wenye nyumba walikuwa mume na mke, Alois na Bi Gerda. Siku ya kwanza Bi Gerda alimpa keki ya tufaha, akamwomba pasipoti ili aiweke kwenye sefu isije ikapotea. Siku ya pili alimpa aproni. Siku ya tatu Nankondo akauliza masomo yanaanza lini, Bi Gerda akamwambia, kwa sauti ya upole kabisa, "Haya ndiyo masomo."

Hakuwahi kumpiga. Hakuwahi hata kumfokea. Alimwamsha saa kumi na moja alfajiri kwa kugonga mlango mara mbili taratibu, na Nankondo akafua shuka, akapiga deki ngazi, akaosha vyombo mpaka wageni wa mwisho wapande kulala. Chumba chake kilikuwa chini ya ardhi, ubavuni mwa mtambo wa kupashia maji moto, na dirisha lake lilikuwa na nondo. Toka pale hadi mji wa bondeni ni mwendo wa saa mbili barabarani, theluji magotini, naye hakuwa na nauli ya basi, na viatu vyake vilikuwa vya raba. Alipothubutu kusema kwamba atakwenda polisi, Bi Gerda alimkalisha kitini kama mtu anayemhurumia.

"Viza yako ni ya shule ambayo haipo," akamwambia. "Ukienda polisi, utakayefungwa ni wewe. Sisi tunakuficha, mtoto wangu."

Nankondo akaamini. Mgeni asiyejua sheria za watu angeaminije vinginevyo? Tena hata kama asingeamini, angerudi Same na nini? Alikuwa ameagwa na kanisa zima. Usiku alikuwa akihesabu nyuso za wale waliompa mkono siku ile, na kila uso ulikuwa ukuta mwingine.

Simu yake ilikaa kwa Bi Gerda. Jumapili aliruhusiwa kutuma ujumbe mmoja wa sauti, Bi Gerda akiwa kando yake, na kabla ujumbe haujakwenda uliwekwa kwenye programu ya kutafsiri lugha. Kilichotafsirika vizuri ndicho kilichotumwa. Nankondo akatuma salamu kwa mama yake wiki baada ya wiki: nipo, naendelea vizuri, baridi kali. Miezi sita ikapita hivyo.

Jumapili moja aliomba amtumie rafiki yake wa klabu. Bi Gerda akakubali, kwani marafiki wakinyamaziwa sana huanza kuuliza. Ujumbe ulikuwa huu:

"Shikamoo Raihana. Mimi mzima, masomo yanaendelea vizuri. Chakula ni kizuri na wenyeji ni wakarimu. Nisalimie sana baba. Mwambie asiwe na wasiwasi, nitamfuata karibuni. Asante."

Programu ikatafsiri: anaamkia, yuko mzima, anamsalimu baba, atamfuata karibuni. Bi Gerda akatabasamu, akabonyeza.

Raihana aliupokea wakiwa watatu jikoni kwenye bweni lao. Akausikiliza. Akausikiliza tena. Akaweka simu mezani, akasikiliza mara ya tatu macho yamefumbwa.

"Hebu sikilizeni na nyinyi," akasema.

"Yuko sawa," Wakio akajibu. "Anakula vizuri, anasoma. Shida iko wapi?"

"Kaniambia shikamoo."

"Si ni salamu tu? Kwetu hatupimi salamu hivyo."

"Wakio, mie ndiye mdogo. Dada Nankondo hajaniamkia hata siku moja, mie ndiye ninayemwamkia. Na huyo baba anayesema atamfuata, kafa zamani. Hebu msikie anavyovuta pumzi kabla ya neno baba. Kuna mtu kakaa ubavuni pake."

Lutengano akasema labda ni uchovu, mtu akichoka huropoka. Wakausikiliza tena. Raihana hakuacha. Siku tatu mfululizo aliwafuata darasani, maktabani, kwenye foleni ya chakula, simu mkononi, mpaka wenzake wakaanza kumkwepa. Siku ya nne Lutengano alikubali, kisha Wakio. Na kwa hakika, kama si sikio lile, ujumbe ungejibiwa kwa neno moja, "Tumefurahi," na Nankondo angekuwa mle ndani mpaka leo.

Lakini kujua kwamba mtu amefungiwa si kujua alipofungiwa. Mama yake Same akawatumia karatasi zote alizoziacha binti, kipeperushi na barua. Wakapiga simu kwa wakala, namba haipatikani. Wakaenda kwenye anwani iliyoandikwa, wakakuta duka la maua. Barua ya mwaliko wa Nankondo ilitaja jina la shule isiyokuwapo na mji ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Wakio akamgeukia Raihana.

"Kipeperushi hiki alikipata wapi?"

Raihana akasema hajui. Alidanganya.

Kilichokuwapo ni picha moja tu. Bi Gerda alikuwa amempiga Nankondo picha hiyo nje ya nyumba siku ya kwanza, akamtumia mama yake Same ili aone binti kafika. Nankondo anacheka, nyuma yake kuna ukuta wa mbao, kipande cha mnara wa kanisa na mgongo wa mlima. Lutengano akaichukua picha hiyo. Kwa siku kumi na moja hakugusa tasnifu yake, ingawa ilitakiwa mwisho wa mwezi. Alipima kivuli cha mnara. Alilinganisha mgongo wa mlima na ramani za miinuko, bonde baada ya bonde, katika nchi tatu. Aligundua kwamba paa la mnara lilifunikwa kwa vigae vya mbao vilivyokatwa kama magamba ya samaki, akaandika orodha ya makanisa yenye paa la namna hiyo, akayafuta moja moja. Wenzake wakimletea chakula, walikikuta vilevile kimepoa. Siku ya kumi na moja, saa nane mchana, alimwita Wakio, akaweka kidole juu ya ramani.

"Ni hapa. Nyumba ya tatu baada ya kanisa."

"Una hakika?"

"Kama si hapa, basi picha hii haikupigwa duniani."

Wakapiga simu polisi wa wilaya ile. Polisi wawili wakaenda. Bi Gerda akawakaribisha kahawa, akaonyesha mkataba wenye sahihi ya Nankondo, akamwita Nankondo mwenyewe. Wakamwuliza kwa Kiingereza kama yuko salama. Nankondo alitazama bastola viunoni mwao, akakumbuka aliyoambiwa kuhusu viza, akaona mlango wa jela ukifunguka. Akajibu, "Niko salama." Polisi wakashukuru kwa kahawa, wakaondoka. Siku ile, Nankondo alisema baadaye, ndiyo siku aliyojua kwamba ufunguo wa mahali pale ulikuwa pia kinywani mwake, na kwamba hawezi kuugeuza.

Wale watatu wakasafiri. Walifika mji wa bondeni Jumatano, na Alhamisi asubuhi wakapanda basi la kijijini. Wakio alikuwa na mtihani wa marudio siku inayofuata, Ijumaa saa tatu. Mtihani huo haukuwa na nafasi nyingine. Alipiga hesabu kwamba wakitoka kijijini adhuhuri, atafika Brno alfajiri.

Raihana na Lutengano walibaki kwenye chumba cha kungojea basi. Wakio akatembea hadi ile nyumba, jaketi jekundu la klabu mwilini, kofia ya sufu kichwani, skafu shingoni, kamera ikining'inia. Akabisha. Kwa Kijerumani chake cha mapokezi akaeleza kwamba yeye ni mwanafunzi wa kujitolea, anatangaza nafasi za masomo, na amesikia kwamba hapa kuna mwenyeji anayewalea wanafunzi kutoka mbali. Anaomba kupiga picha mbili tatu kwa ajili ya jarida.

Bi Gerda alipenda kusifiwa. Akampa keki. Akamwita Nankondo, akakaa kati yao. Wakio akauliza maswali ya kijinga kwa nusu saa: unapenda theluji, umejifunza keki gani. Kisha akaomba ampige picha akiwa kazini. Bi Gerda akawaongoza chini, kwenye chumba cha kufulia. Kengele ya mapokezi ikalia, wageni wamefika. Bi Gerda akasita kidogo, akapanda ngazi.

Walikuwa na dakika chache. Wakio alikuwa ameshavua jaketi.

"Vaa. Kofia shusha mpaka kwenye nyusi. Kamera shingoni. Panda ngazi, pita mlango mkubwa, shika kushoto. Lutengano na Raihana wako kituoni. Pandeni basi la kwanza, mimi nitawafuata."

"Dada, watanijua."

"Amekaa na wewe miezi saba. Umewahi kumwona akikutazama usoni?"

Nankondo akafikiri. Hakuwahi.

"Na wewe?"

"Mimi nitakunja shuka," Wakio akasema, akafunga aproni.

Nankondo alipanda zile ngazi. Alitusimulia mwenyewe kwa simu kwamba zilikuwa kumi na sita, na kwenye ya tisa alisimama, akaivuta kofia chini zaidi. Akapanda. Bi Gerda alikuwa kaunta, akiwaandikisha wageni, akainua mkono kumpungia bila kuinua kichwa. Alois alikuwa mlangoni. Akamtazama, akatabasamu, akamfungulia mlango. Akamtakia safari njema.

Kule chini, Bi Gerda alichungulia mara mbili, akaona mgongo, aproni na shuka zinakunjwa. Ilipita saa nzima na robo ndipo alipotaka kuulizia taulo, mgongo ukageuka.

Hakupiga kelele hata hapo. Alifunga mlango wa chumba cha kufulia kwa ufunguo, akazima taa kutoka nje. Mume na mke wakaanza kubishana juu ya kichwa cha Wakio, naye akisikia kila neno. Alois alitaka amwachie. Bi Gerda alisema akiachiwa atasema. Mchana ule theluji ikaanza kuanguka, na barabara ikafungwa.

Wakio, asiyebabaika, alikaa gizani juu ya rundo la taulo. Simu haikushika mtandao mle chini. Alisikia mtambo wa maji ukiwaka na kuzima, ukiwaka na kuzima, na hivyo ndivyo alivyokisia saa. Alikisia pia kwamba Ijumaa saa tatu imefika. Akayapitia maswali ya mtihani kichwani, akayajibu moja moja kwa sauti ya chini, mpaka akagundua amelirudia swali moja mara tatu. 

Na kwa nini polisi hawakufika Alhamisi ileile? Kwa sababu Nankondo alikataa kwenda kwao. Katika chumba cha nyumba ya wageni bondeni alikaa pembeni ya kitanda, jaketi bado limefungwa hadi kidevuni, akatikisa kichwa. Lutengano alipiga simu mwenyewe, akajibiwa kwamba binti wa pale alishahojiwa na alisema yuko salama. Kuhusu huyo mwingine, barabara ikifunguliwa watapita kuuliza. Bila ya maneno ya Nankondo, hakukuwa na kesi.

"Watanifunga," Nankondo akawa anasema. "Nipelekeni tu uwanja wa ndege."

"Pasipoti yako iko kwenye sefu yao, dada," Lutengano akamwambia. "Na Wakio bado yuko kwenye chumba kile cha kufulia."

Raihana alikuwa amekaa sakafuni. Akamwomba Lutengano atoke nje. Lutengano hakutoka.

"Dada Nankondo," Raihana akasema, "karatasi ile niliiweka mezani mie. Haikuhakikiwa. Nilijua kanuni, nikakupigia picha nikakutumia. Mie ndiye niliyekuingiza mle, na nimewaficha wenzangu mpaka leo. Kama kuna wa kufungwa, twende wote polisi nikaseme hivyo. Lakini twende."

Lutengano akamtazama kama mtu asiyemfahamu. Nankondo akafungua jaketi mpaka kifuani. Hakumkumbatia wala hakumtukana. Mwishowe akauliza, "Wakio amekula?"



Nankondo akasimama. Akaenda kituo cha polisi kwa miguu yake, akakaa mbele ya ofisa, akaeleza tangu keki ya tufaha hadi ngazi ya kumi na sita. Ilichukua saa tano. Hakuna aliyemfunga. Ijumaa saa nane mchana gari la kusafisha theluji lilitangulia, polisi nyuma yake, wakaufungua mlango wa chumba cha kufulia. Wakio alitoka akiwa amefumba macho kwa mwanga, akauliza saa ngapi. Walipomwambia, akakaa chini kwenye ngazi.

Alois na Bi Gerda walikamatwa, na kwa orodha iliyokuwa ndani ya sefu wakapatikana mabinti wengine wanne katika nyumba nyingine za bonde lile. Habari ikaenea.

Na hapa ndipo hadithi ilipokwama.

Umoja wa vyuo vinavyobadilishana wanafunzi uliamua kutoa zawadi: nafasi ya kusoma shahada ya pili kwa miaka miwili, kila kitu kimelipiwa, kwa mwanafunzi wa kujitolea "aliyemtoa binti yule". Mmoja. Waliandikiwa kwamba ni watatu, wakajibu kwamba nafasi ni moja na haigawanyiki. Jina lipendekezwe na Nankondo mwenyewe, kwa sahihi yake, kabla ya Jumatatu saa sita mchana.

Nankondo wakati huo alikuwa katika nyumba ya hifadhi, akisubiri kutoa ushahidi. Hakuruhusiwa kuondoka nchini, na pasipoti yake sasa ilikuwa kabatini mahakamani, kama kielelezo. Alitoka kwenye chumba kimoja akaingia kingine, ingawa hiki dirisha lake lilifunguka. Wale watatu walimtembelea Jumapili. Fomu ilikuwa mezani, na kila mmoja wao alijitahidi kutoitazama.

Viza zao zote zilikuwa zinaisha mwezi wa saba. Wakio alikuwa amepoteza nafasi yake chuoni kwa ule mtihani. Lutengano alichelewesha tasnifu, akapata alama ya mwisho kabisa inayokubalika, na kwa alama hiyo hakuna chuo kitakachomchukua bila pendekezo. Raihana alikuwa ameondolewa kwenye klabu, na barua ya kuondolewa iliandika sababu.

Raihana ndiye aliyeanza. "Usiniandike mie, dada. Nitakuwa nalala juu yake kama juu ya miiba."

"Hujaulizwa bado," Wakio akamwambia, bila ukali. Kisha akamgeukia Nankondo. "Na mimi usiniandike kwa huruma. Mtihani niliuacha kwa akili zangu."

Lutengano akaitazama fomu waziwazi. Kisha akasema, "Mimi naitaka. Nikisema siitaki nitakuwa nakudanganya, na umeshadanganywa vya kutosha."

Nankondo alicheka, kwa mara ya kwanza tangu wamtoe. Halafu akafuta macho.

Walipoondoka alimpigia simu mama yake Same. Mama alikuwa amekaa uani na majirani, mimi nikiwa mmojawapo, akaweka simu kwenye kipaza sauti. Ndivyo nilivyoijua habari hii yote. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mjomba wake akasema ni Wakio, maana wengine walitoa muda, yeye alitoa mwili wake gizani. Mwalimu mstaafu akapinga: ujasiri wa kubisha mlango ungefaa nini kama hakuna aliyejua mlango upo wapi? Ni Lutengano. Mama wa kwaya akasema bila ya Raihana kusikia, wale wawili wangekuwa bado wanakula jikoni kwao. Tena alisema ukweli wakati uongo ungemfaa. Mjomba akamjibu kwamba aliyekutumbukiza kisimani halipwi kwa kukutupia kamba. Mama wa kwaya akamwuliza, kwani kamba yake ni fupi kuliko za wengine?

Binti mmoja aliyekuwa akimenya viazi, ambaye hatukumwuliza, akasema, "Mbona hakuna anayemtaja Nankondo? Ujumbe aliutunga nani? Ngazi alipanda nani? Na nani alikwenda kumtoa Wakio?" Lakini Nankondo hakuwa mwanafunzi wa kujitolea, na fomu haikuwa na mahali pa kumwandika.

Mama yake alisikiliza wote, kisha akainama kwenye simu. "Mwanangu, mimi siwezi kukuchagulia."

"Najua, mama," Nankondo akajibu. Tukasikia karatasi ikivutwa juu ya meza, na kalamu ikifunguliwa.

Basi ndugu zangu mliokaa hapa, simu bado iko hewani na mstari kwenye fomu ni mmoja. Msiniangalie mimi, nilibishana mpaka chai ikapoa na sikushinda. Je, kama kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani, na wale wawili wengine ungewaambia nini?